Sharti Namba Nne

Ijumaa iliyopita, saa nne kamili asubuhi, nilipita katikati ya ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Morogoro nimebeba trei saba za mayai yaliyooza. Mlango wa nyuma, ule wa wauza mboga, wauza mkaa na sisi wengine, ulikuwa umezibwa na lori la soda. "Mama, pitia tu mbele, ila fanya haraka," mlinzi aliniambia, huku mwenyewe akihamia upande upepo unakotoka. Nikapita mbele. Trei zimepangwa zikanifika kidevuni, pua yangu iko juu ya mayai kama kifuniko, kandambili zinapiga kelele kwenye vigae.

Saa nne ni saa ya chai. Washiriki wa warsha walikuwa wamemwagika ukumbini, vikombe mkononi, vitambulisho vikining'inia shingoni. Hakuna aliyenicheka. Wangecheka ningeshukuru. Walifanya jambo baya zaidi: walinipisha. Watu wazima kama arobaini, wenye shahada na posho zao, waligawanyika pande mbili kama bahari mbele ya Musa, na kila niliyempita alikiinua kikombe chake akakinusa, kana kwamba harufu ile huenda inatoka kwenye tangawizi. Mzee mmoja aliniambia "pole sana, mama" kwa sauti ya msibani.

Nilikuwa nimebakiza hatua kumi kufika mlangoni yai moja la trei ya juu lilipopasuka lenyewe. Sikulibana wala sikujikwaa. Lilitoa mlio mdogo, kama kizibo cha chupa ya soda, kisha kitu cha rangi ya kijani kikashuka taratibu ubavuni mwa trei, kikadondoka kwenye kigae. Msichana wa mapokezi, ambaye miezi yote hii amekuwa akiniita "mama mayai" kwa tabasamu, alisema neno moja tu: "Yesu." Kisha akafungua madirisha.

Niliyasikia baadaye yaliyotangulia. Hoteli za warsha siku hizi zina meza ambapo mpishi mwenye kofia ndefu anasimama mbele ya wageni na kikaango kimoja, amezungukwa na vibakuli vya vitunguu, nyanya na pilipili hoho, nawe unamwambia unataka yai la namna gani. Ni maonyesho zaidi ya chakula. Asubuhi ile mgeni wa kwanza, mheshimiwa mmoja, aliagiza mayai mawili, yasiive sana. La kwanza lilitoka zima, kiini kimesimama. La pili mpishi aliligonga kwenye ukingo wa bakuli, na hapo ndipo mheshimiwa alipogundua kwamba siku zote anachopenda asubuhi ni ndizi. Foleni yote nyuma yake ikahamia kwenye viazi vitamu na maboga. Saa moja na dakika ishirini simu yangu ikaita. Saa mbili nilikuwa getini. Mtunza stoo alitumia muda uliobaki kujaza hati ya kurudisha bidhaa, nakala tatu.

Nataka jambo moja lieleweke mapema: kuku hawana hatia. Kuku wangu 120 walifanya kazi yao vizuri. Mayai yale yalioza kwa sababu ya utii. Niliambiwa nitimize sharti, nikalitimiza kwa moyo wangu wote, kwa dodoki na sabuni ya unga.

Kabla ya hoteli, wateja wangu walikuwa vijana wa chipsi. Kijana wa chipsi ana masharti mawili. La kwanza, yai lisiwe limepasuka. La pili, atalipa jioni akishauza. Hana karatasi. Analichukua yai, analitikisa taratibu karibu na sikio, anasikiliza kama mtu anayepokea simu kutoka mbali, kisha anaweka pembeni au anarudisha. Sheria yake yote ya chakula iko sikioni. Nilidhani ni mbwembwe za kijiweni.

Hoteli walinipa karatasi. "Masharti kwa Wazabuni wa Bidhaa za Jikoni", vipengele tisa, muhuri chini. Niliiweka kwenye mfuko wa nailoni nikaitundika bandani karibu na mlango, kuku nao waione. Mengine nitayagusa baadaye kwa ufupi unaostahili. Lakini la nne lilisema hivi: "Mayai yawe safi, yasiwe na uchafu wa aina yoyote juu ya ganda." Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ndilo rahisi kuliko yote. Nani atakataa usafi?

Miezi miwili ya mwanzo haikuwa na tatizo. Kisha masika ikaingia. Mvua za Morogoro zikitelemka kutoka Uluguru na upepo wake, haziulizi paa lako lina tundu wapi. Maranda bandani yakaloa, miguu ya kuku ikawa na tope, kuku akaingia kwenye sanduku la kutagia na tope lake, akakaa juu ya yai la mwenzake. Jumatatu moja mtunza stoo akanirudishia trei nne. Hakusema mengi. Aliweka kidole juu ya karatasi, kwenye namba nne, akakiacha hapo mpaka nikaondoka.

Basi Jumamosi iliyofuata nikatangaza operesheni nyumbani. Mabeseni matatu: la kuoshea, la kusuuzia, la kusuuzia tena. Maji ya simtanki, ya baridi, maana ndiyo yaliyokuwepo. Binti yangu dodoki, mimi dodoki, baba watoto kitambaa cha kukaushia. Mayai 300, moja moja, kama watoto wanaopelekwa ubatizo. Yale yenye madoa sugu tuliyaloweka kwanza nusu saa. Kufika jioni yalikuwa yanang'aa kiasi kwamba jirani aliyepita kuomba chumvi aliuliza kama tumeanza kuuza ya plastiki. Jumatatu mtunza stoo aliyapokea kwa mikono miwili. "Haya ndiyo mayai, mama," alisema. "Ungekuwa unaleta hivi tangu mwanzo." Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka mgongo. Mayai yakapangwa kwenye rafu ya jikoni kule hotelini, karibu na majiko, kwa siku kumi na moja.

Jioni ya Ijumaa ile ya aibu nilimpigia bwana mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza swali moja.

"Mama, uliyaosha?"

"Niliyaosha."

"Kwa maji gani?"

"Safi kabisa."

"Sikuulizi usafi. Nakuuliza joto."

Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo nalitafakari mpaka sasa, na ambalo lingenifaa zaidi kama lingekuja wiki mbili mapema.

Yai, alisema, lina matundu. Sikumwamini, nikaleta moja, nikaligeuza geuza. Huyaoni kwa macho, lakini yapo maelfu, kati ya 7,000 na 17,000 kwenye yai moja. Lazima yawepo, kwa sababu yai halikuumbwa kwa ajili ya kikaango. Liliumbwa kuwa chumba cha kifaranga, na kifaranga anapumua humo kwa siku 21. Hewa inaingia, unyevu unatoka. Ganda ni ukuta wa chokaa ambao kuku hukaa nao tumboni yapata saa 20 akiujenga, kati ya saa 25 hivi ambazo yai zima huchukua kutengenezwa. Na katika saa za mwisho kabisa, kabla ya kulitoa, kuku hulipaka yai lote utando mwembamba, wenye unyevu, ambao hukauka dakika chache baada ya yai kutoka. Utando ule unaziba midomo ya matundu. Ukiona yai lililotagwa sasa hivi, linang'aa kwa unyevu kisha linafifia mbele ya macho yako: huo ndio mlango unafungwa. Nimewahi kuliona jambo hilo mara mia nikadhani ni jasho.

Mimi, kwa dodoki, nilifungua milango ya mayai 300 mchana kutwa.

Lakini hilo bado lilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ilikuwa baridi ya maji. Mwili wa kuku una joto la nyuzi kama 41. Yai linapotoka ni la moto, kisha linapoa, na kilicho ndani kinaposinyaa, hewa huvutwa kupitia yale matundu na kutengeneza chumba kidogo kwenye ncha butu, kati ya ngozi mbili za ndani. Ukilimenya yai la kuchemsha utakikuta: lile bonde pale juu. Basi, bwana mifugo akasema, fikiria yai lililokaa kwenye banda la joto la mchana wa Morogoro, ukalitumbukiza kwenye maji ya baridi. Linasinyaa tena. Linavuta tena. Ila safari hii halivuti hewa, linavuta maji uliyooshea mayai mengine 40 yenye kinyesi. "Mama," alisema kwa huruma, "uliyanywesha."

Nilinyamaza. Nje kuku walikuwa wakipanda vichanja kulala, hawana habari.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba dunia yenyewe haijakubaliana kuhusu jambo hili. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, yai la daraja la juu, lile la madukani, haliruhusiwi kuoshwa. Mfugaji anatakiwa aweke kiota safi ili yai litoke safi. Akiliosha, limeshuka daraja. Marekani ni kinyume: mayai ya madukani yanaoshwa, lakini kwa maji ya moto, nyuzi 32 au zaidi, na lazima yalizidi yai lenyewe kwa nyuzi kama 11, ili kilicho ndani kitanuke na kusukuma nje badala ya kuvuta ndani. Yakishaoshwa yanaingia kwenye baridi na hayatoki humo mpaka yafike kwa mlaji. Kwa hiyo kuna njia mbili za akili. Usioshe, na unaweza kuyaweka mezani. Au osha kwa moto, kisha friji mwanzo mpaka mwisho. Mimi na hoteli tulibuni njia ya tatu: osha kwa baridi, kisha weka karibu na jiko.

Bwana mifugo alinionyesha pia kupima yai kwa mwanga. Unasubiri giza, unawasha tochi ya simu, unalikalisha yai juu yake ncha butu ikiwa upande wa mwanga, na yai zima linawaka kama taa ya karatasi. Unaona chumba cha hewa, duara lenye kivuli. Yai la leo, chumba chake hakizidi unene wa sarafu mbili tatu. Kadiri siku zinavyokwenda, maji yanatoka kwa matundu na chumba kinapanuka. Ndiyo maana yai la zamani huelea ukilitia kwenye maji. Na ndiyo maana, nikagundua nikiwa nimekaa gizani na tochi, yai la zamani hucheza ukilitikisa: ute wake umekuwa mwepesi, na lina nafasi ya kucheza. Kijana wa chipsi hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anasikiliza chumba cha hewa. Amefanya hivyo miaka yote pembeni ya barabara, bila muhuri, na hajawahi kumkaangia mtu yai bovu.

Nimekuwa mlevi wa jambo hili. Usiku umeme ukikatika nafurahi. Napima mayai mpaka baba watoto anauliza kama nimeolewa na yeye au na trei. Juzi niliona doa la damu ndani ya yai, nukta ndogo karibu na kiini, nikamwamsha aje kuangalia. Alikuja. Aliangalia. Alirudi kulala bila kusema neno, na nadhani ndoa yetu imefika mahali pengine.

Lakini ninapoirudia ile karatasi, nakasirika. Sharti linasema yai liwe safi. Halisemi kiota kiwe safi, wala maranda yawe makavu, wala mayai yaokotwe mara tatu kwa siku kabla kuku wengine hawajayakalia. Mwandishi wa sharti lile alianza kulifikiria yai lilipofika kwenye kaunta yake. Kabla ya hapo, kwake, yai halikuwepo. Na mimi niliyejua linakotoka nikamwamini yeye kwa sababu ana muhuri.

Masharti mengine sasa, na nitayapitia haraka kwa sababu yalinidhalilisha kwa kiasi cha kawaida tu.

Sharti namba moja: TIN. Hii ni bure, niliipata, sina la kulalamika, na kusema kweli nilisikitika kidogo kukosa la kulalamika.

Namba mbili: "Awe na kibali cha TFDA." Nilizunguka siku mbili nikitafuta kibali cha ofisi isiyokuwepo. Tangu Julai 2019 mamlaka ile ilibadilishwa ikawa TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba, na mambo ya chakula yakahamia TBS. Nilirudi kumweleza mhasibu wa hoteli. Akaniambia karatasi ndivyo ilivyo, yeye hakuiandika.

Namba tatu: utambulisho wa biashara. Nilitoa kwa fahari kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kimoja kati ya vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa sisi ambao mauzo yetu hayafiki milioni nne kwa mwaka. Mhasibu alikiangalia kama kadi ya harusi ya mwaka juzi.

Namba tano: kila yai lisipungue gramu 55. Niliazima mizani ya kupimia ngano kwa mama wa maandazi. Kuku wangu wachanga walikuwa wanataga gramu 49. Niliwasomea sharti.

Namba sita: kiini kiwe cha njano iliyokolea. Hapa nitakaa dakika moja, maana dhuluma yake ni ya kitaifa. Rangi ya kiini haitokani na wema wa kuku. Inatokana na chakula. Kuku akila mahindi ya njano na majani mabichi, kiini kinakuwa cha rangi ya jua la jioni. Lakini Tanzania tunalima mahindi meupe, kwa sababu tunakula ugali mweupe, na mahindi meupe hayana ile rangi. Kwa hiyo kuku wa Kitanzania anayelishwa vizuri kabisa, kwa chakula halali cha dukani, anaweza kutaga kiini kilichopauka kama mwanafunzi wa bweni, na mpishi akasema yai halina lishe. Siku hizi nawapa mchicha na majani ya lusina. Viini vimekolea. Mchicha wetu sisi umepungua.

Namba saba: mayai yafike hotelini kabla ya saa moja asubuhi kwa chombo salama cha usafiri. Dereva wa bodaboda alinihakikishia kwamba yeye ni chombo salama. Trei mbili ziko barabarani Msamvu.

Namba nane ilikuwa inahusu cheti cha kupima afya, na mimi ni mzima, asanteni.

Namba tisa: "Malipo yatafanyika ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara."

Ankara yangu ya kwanza ina siku 74 leo.

Hapa naomba radhi, ucheshi unaniishia kidogo. Kuku mmoja wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 120, karibu kilo 14 na nusu. Mfuko wa kilo 50 unaisha siku ya nne kabla ya chakula cha jioni. Kwa siku 74 hizo, nimenunua zaidi ya mifuko 21, kila mmoja kwa fedha taslimu, mezani, kabla haujapandishwa kwenye toroli. Mwenye duka la chakula cha kuku hapokei ankara. Kuku wenyewe hawapokei ankara. Nimejaribu kuchelewesha chakula siku moja, utagaji ukashuka siku tatu. Dawa ya chanjo ya kideri haisubiri siku 30. Nikimpigia mhasibu, anasema, "Mama yangu, vuta subira, taratibu zinaendelea." Taratibu ndizo kitu pekee hotelini pale kinachoendelea bila kufika.

Yai langu lina siku ya kuisha. Deni lao halina.

Na msidhani nchi hii haiwezi kusimamia sharti la kuku kwa haraka. Inaweza sana. Oktoba 2017, pale Namanga, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto, kwa kukiuka katazo lililowekwa kwa hofu ya mafua ya ndege. Sibishi kuhusu mafua. Ugonjwa ule ukiingia bandani kwangu sibaki na hata unyoya. Ninachosema ni kwamba kifaranga akikosea, moto upo tayari. Mfugaji akikosea, kidole kiko juu ya karatasi siku hiyohiyo. Nimesoma masharti tisa mara nyingi kuliko nilivyosoma barua za uchumba, na nane kati yake yananihusu mimi. Moja tu linawahusu wao, na hilo ndilo halina wa kulisimamia.

Nilidhani baada ya aibu ya Ijumaa wangeniacha. Hapana. Jumamosi asubuhi mhasibu, mwanamume ambaye kwa siku 74 hakuwahi kunipigia hata mara moja, alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changamfu. Alitaka kunijulisha kwamba trei saba zimeshakatwa kwenye hesabu yangu, pamoja na gharama ya kusafisha kigae, na nakala ya makato iko tayari nikaichukue. Jambo lote lilikuwa limefanyika ndani ya saa 24. Nilimpongeza. Nilimaanisha kabisa: nilikuwa sijui kwamba mashine yao ya hesabu inaweza kwenda kasi hivyo, nilidhani imeharibika.

Akaongeza kwamba mtunza stoo anaomba trei kumi Jumatatu. "Ila mama," akasema, "yawe safi."

Leo Jumapili nimebadilisha maranda yote. Tundu la paa limezibwa na bati la jirani. Nimeokota mayai saa tatu, saa sita na saa tisa, kabla hayajakaliwa. Yako makavu, hayang'ai, yana ule ukungu mwembamba wa utando wao, na trei ya mwisho ina mayai manne yenye doa la ukubwa wa punje ya mtama. Nimeyafuta kwa kitambaa kikavu, doa likapungua, halikuisha. Nimeyatazama kwa muda mrefu. Kisha nimeyatoa, nikaweka mengine, na yale manne nimempelekea kijana wa chipsi pale kona pamoja na trei mbili. Alilitikisa la kwanza sikioni, akalitikisa la pili, akaniuliza kwa nini siku hizi simletei.

"Nilipata tenda," nikamwambia.

"Hongera, mama," alisema, na akanilipa palepale bila kusubiri jioni, noti zinanuka mafuta ya kukaangia.

Yale yaliyooza tuliyazika nyuma ya nyumba Ijumaa ileile, chini ya migomba, shimo la kimo cha goti. Mbwa wa jirani ameyafukua mara mbili. Asubuhi ya leo jirani amekuja mwenyewe mlangoni, amejifunika pua na ncha ya khanga, ananiuliza kama ninajua mbwa wake amejigaragaza kwenye kitu gani. Nimemwambia ni sharti namba nne. Hakuelewa, ila ameomba nimsaidie kumwosha. Nimepasha maji ya moto kwanza.